Mji wa Mtwara na Watu Wake

Kamati ya Sherehe ilipogawa kazi ya kukiandika kitabu hiki, wengine walipewa hesabu za chama, wengine picha za viongozi, nasi tukapewa habari za mji wa Mtwara. Wajumbe wawili walinung'unika. Walisema chama chetu ni cha wakulima wa korosho, na mikorosho haipandwi barabarani. Kwa nini basi kurasa za ukumbusho wa miaka kumi zitumike kusimulia habari za mji? Swali lao lilikuwa la haki. Tumeona tulijibu kwa kueleza jinsi mji huo ulivyopata kuwapo, kwani habari zake, tangu gati lake mpaka hesabu ya watu wake, hazielezeki pasipo kumtaja mkulima wa bara.

Mtwara iko kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, kadiri ya kilomita 560 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, wala si mbali na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Pwani ya upande huu haikunyooka. Bahari imepenya nchi kavu ikafanya ghuba na hori, na mbili kati ya hizo zimepakana kama vyumba viwili vya nyumba moja: ghuba ya Mikindani na ghuba ya Mtwara. Mbele ya ghuba ya Mtwara imelala rasi ya Msangamkuu, nchi ya mchanga na minazi, nayo huikinga na mawimbi ya bahari kuu. Mlango wa kuingilia ni mwembamba lakini una kina, na ndani ya mlango maji ni mengi tena yametulia. Hakuna mto mkubwa unaomwaga tope humo, tofauti na Lindi, ambako mto Lukuledi huuteremsha udongo wake mwaka hata mwaka mpaka mdomoni mwa bandari.

Ukiipa bahari mgongo na kutazama magharibi, nchi yapanda polepole. Huo ndio uwanda wa Makonde. Hupanda kidogo kidogo mpaka Newala, kisha hukatika ghafula kwa genge, na aliyesimama ukingoni huliona bonde la Ruvuma chini yake na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Udongo wa uwanda ni wa mchanga, haushiki maji juu. Mvua ikinyesha huzama, na kwa miaka mingi mama zetu waliteremka magenge alfajiri kwenda kutafuta maji mabondeni na kuyapandisha kichwani. Mvua zenyewe ni za msimu mmoja, tangu Novemba hata Aprili au Mei. Nchi ya namna hiyo haimfai kila mkulima. Mkorosho waipenda, maana mzizi wake huenda chini sana, nao huchanua mvua zikiisha kukoma na kuzaa wakati wa jua, hata mkulima akaziokota korosho zake na kuzianika kabla mvua mpya hazijawa nyingi. Mti huu si wa asili ya kwetu. Wareno waliuleta kutoka Brazili zama zile za karne ya 16, ukakaa pwani miaka mingi ukiwa mti wa kivuli na wa matunda ya watoto, pasipo mtu kuudhania kuwa utajenga mji.

Mtu aliyeisoma habari ya ghuba hizi mbili huuliza mbona watu wa kale waliiacha Mtwara, yenye maji mengi, wakajenga Mikindani, ambako maji ni haba. Jibu lake lapatikana kwa mabaharia wa majahazi. Jahazi halihitaji kina kikubwa. Lahitaji mahali pa utulivu ambapo maji yakipwa chombo hukaa juu ya mchanga, watu wakapakua kwa mabega na mafundi wakakalafati mbao zake. Kwa chombo cha namna hiyo Mikindani ilikuwa bandari njema, na Mtwara ilikuwa maji marefu yasiyo na faida. Hivyo Mikindani ikawa na misikiti, nyumba za mawe na soko. Biashara yake ilikuwa ya pembe za ndovu, mpira na, twasema kwa huzuni, ya watu waliotekwa bara wakaletwa pwani kwa miguu. David Livingstone aliteremka pwani hiyo mwezi wa Machi 1866, alipoianza safari yake ya mwisho, asiirudie tena bahari. Wajerumani walipoitwaa nchi walijenga boma lao Mikindani mwaka 1895, na boma hilo lingali limesimama, limetengenezwa vizuri, nasi twawashauri wanachama walione.

Mtwara ilikaa hivyo, vijiji vya wavuvi na mashamba ya minazi, mpaka baada ya vita kuu ya pili ya dunia. Kilichoigeuza hakikutoka baharini wala hakikutoka kwetu. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, na mwaka 1946 wataalamu wake waliletwa Afrika ya Mashariki kutazama kama karanga zingeweza kulimwa kwa mitambo. Wakarudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3, na sehemu kubwa kuliko zote ilikusudiwa iwe katika Jimbo la Kusini, kuzunguka Nachingwea. Karanga nyingi kiasi hicho zisingeweza kupita Lindi, wala zisingeweza kubebwa na majahazi ya Mikindani. Ndipo yale maji marefu ya Mtwara, ambayo kwa karne nyingi hayakuwa na mwenye haja nayo, yakawa na thamani. Wahandisi wakaja na vipimo vyao. Ikaamuliwa kwamba gati la meli kubwa lijengwe pale, na reli itoke pwani iende Nachingwea.

Habari za kuanguka kwa mpango ule zimeandikwa na wengi, nasi hatutazirudia zote. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yaliyochakaa kabla hayajashuka melini. Kongwa, ambako kazi ilianzia kwa sababu reli ya kati ilikuwa karibu, mvua zilipungua na ardhi ikawa ngumu kama sakafu, hata karanga zikashindwa kung'olewa. Kusini, ambako mvua ni nzuri zaidi, kazi ilichelewa kwa kuwa bandari na reli vilikuwa bado havijajengwa. Kwa maneno mengine, walianza mahali pasipofaa kwa sababu njia ilikuwapo, na mahali palipofaa pakangoja njia. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikautangaza mwisho wa mpango, baada ya kupoteza yapata pauni milioni 36.

Lakini gati lilikuwa limekwisha anza kujengwa, na fedha zake zimekwisha tengwa. Likaendelea. Miaka michache baadaye Mtwara ilikuwa na gati lenye urefu wa mita 385, reli iliyofika mpaka gatini, na ramani ya mji mkubwa iliyochorwa kwa ajili ya shehena ambayo haikuja. Mtu atembeaye Mtwara leo aweza kuisoma ramani ile kwa miguu yake. Barabara ni pana kupita kiasi. Shangani iko mbali na soko, Ligula iko mbali na bandari, na kati ya mtaa na mtaa pana nafasi ambazo zilikusudiwa kujazwa na majumba. Sisi tuliteremka Mtwara mara ya kwanza mwaka 2005, tukiwa wanafunzi, tumekaa juu ya magunia katika lori lililotoka Newala. Lori lilipoingia mjini tuliuliza huu uwanja wa mpira ni wa shule gani. Utingo alicheka sana, akasema, "Hiyo ni barabara, wadogo zangu."

Reli haikupata maisha marefu. Ilikuwa imejengwa kuchukua karanga, na karanga hazikuwapo. Mazao mengine ya wakulima hayakutosha kuilipia gharama. Ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Moja ya kata za mji ingali yaitwa Reli hata hivi leo, na vijana waliozaliwa humo wamekua, wakaoa, wakapata watoto, pasipo kuiona behewa hata moja.

Hapo ndipo tufikapo kwenye hesabu ya watu, jambo ambalo makarani kama sisi hulipenda, na ambalo huenda likamchosha mwanachama. Tunaomba atuvumilie. Kabla ya gati, mji mkubwa wa kusini ulikuwa Lindi, makao ya Jimbo, uliokuwa na watu 8,577 katika hesabu ya mwaka 1948, wakati Mtwara ingali vijiji. Katika miaka ya 1950 makao ya Jimbo yakahama Lindi yakaja Mtwara. Mwaka 1957 miji hiyo miwili ilikuwa karibu sawa: Lindi watu 10,315 na Mtwara 10,459. Tofauti ni watu 144, ambao wangeenea katika mabasi matatu. Mwaka 1967 Lindi ilikuwa na watu 13,352, na Mtwara pamoja na Mikindani 20,413. Katika miaka kumi Mtwara ilikuwa imekaribia kuongezeka mara mbili, na tofauti ya watu 144 ikawa watu 7,061.

Ni nini kilichowaleta watu hao, iwapo karanga zilikufa na reli ikang'olewa? Wengi hujibu kwa kuitaja Serikali, kwamba ofisi zilihamia Mtwara na watu wakazifuata ofisi. Neno hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Katika miaka ileile ambayo mitambo ilikuwa ikishindwa Nachingwea, wakulima wa uwanda, kwa majembe ya mkono na pasipo mkopo wa mtu, walikuwa wakipanda mikorosho. Walipanda Newala, walipanda Masasi, walipanda Nanyamba na Tandahimba. Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne na huendelea kuzaa kwa miaka mingi, basi aliyepanda mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa na cha kuuza kabla ya uhuru mwaka 1961. Korosho zilipelekwa India zikiwa na maganda yake, zikabanguliwa huko. Shehena ambayo wahandisi waliitarajia itoke kwenye mitambo ilitoka katika vikapu vya wakulima wadogo, nayo ilikuwa zao jingine kabisa.

Watu wa mji walitoka kila upande. Wamakonde walikuwa wengi, wa uwandani na wa pwani, pamoja na Wamakua, Wayao na Wamwera. Wahindi wenye maduka. Waarabu wa Mikindani. Na watu wa ng'ambo ya Ruvuma waliokuwa wamezoea kuvuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Vita vya ukombozi vilipoanza Msumbiji mwaka 1964, waliovuka waliongezeka, na safari hii walikuwa wakimbizi. Vijiji vyetu vya ukingo wa Ruvuma navyo viliupata moto wa vita hivyo. FRELIMO ilikuwa na hospitali yake Mtwara, na majeruhi wengi walitibiwa humo. Koo nyingi za mji zina nusu yake upande wa pili wa mto, na harusi zikifanyika mtu aweza kusikia salamu za nchi mbili katika ua mmoja.

Zao la korosho likafika kilele chake cha zama zile katika msimu wa 1973/74, tani 145,000 kwa nchi nzima, na nyingi kati ya hizo zilitoka kusini. Kisha likaanguka. Wanachama wenye umri wanazijua sababu kuliko sisi tuliozisoma. Katika Operesheni Vijiji watu walihamishwa wakakaa pamoja, na wengine wakajikuta mbali na mikorosho yao, saa mbili au tatu kwa miguu. Shamba lisilopaliliwa likaingia moto na msitu. Bei haikumpa mtu moyo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na mkulima akakosa mahali pake pa kusemea mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipoviruhusu tena. Juu ya hayo ukaja ubwiri unga, ugonjwa unaoyapaka maua vumbi jeupe na kuyakausha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zao la nchi nzima lilikuwa limeshuka chini ya tani 20,000 katika misimu mibaya.

Mtu angedhani mji nao ungepungua. Haukupungua. Mwaka 1978 ulikuwa na watu 48,510, na mwaka 1988 zaidi ya 76,000. Jambo hili lilitushangaza tulipoziweka hesabu hizo pamoja na za korosho katika karatasi moja, na maoni yetu ni haya: mkorosho unapozaa, mkulima huja mjini kununua mabati na kurudi, mkorosho unapokataa, huja mjini akakaa. Mji hukua katika hali zote mbili, lakini si kwa namna moja. Katika ile ya pili hukua kwa vibanda, kwa vijana wanaongoja kibarua bandarini, na kwa bandari isiyo na kibarua.

Wengi wa vijana hao hawakuishia Mtwara. Walikwenda Dar es Salaam, wakauza nguo mabegani na karanga za kukaanga njiani, hata jina la Wamachinga, ambao ni kabila la upande wa Lindi, likawa jina la kila mchuuzi wa barabarani katika Tanzania nzima. Katika hesabu ya mwaka 2002 mji ulikuwa na watu 92,000 na ziada. Kwa miaka kumi na minne uliongeza watu kadiri ya 16,000 tu, hali kati ya 1967 na 1978, miaka kumi na mmoja, uliongeza zaidi ya 28,000. Watu waliokosekana katika hesabu ile tunajua waliko: Mbagala na Kariakoo.

Walikwenda kwa shida, maana kusini ilikuwa kama kisiwa. Mto Rufiji ulikuwa na kivuko, na mvua zikizidi hapakuwa na kupita. Daraja lililofunguliwa mwaka 2003, ambalo limepewa jina la Mzee Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika Masasi, ndilo lililokiondoa kikwazo hicho, ingawa barabara yote haikupata lami mpaka miaka mingi baadaye. Daraja na barabara vilitupa faida nyingi. Vilitupa na jambo ambalo hatukulitazamia. Lori lilipoweza kutoka Masasi au Tandahimba na kufika Dar es Salaam kwa siku moja au mbili, wanunuzi waliona ni rahisi kupakia melini huko, ambako meli na makontena ni mengi. Korosho za uwanda zikawa zapita mbele ya bandari yetu wenyewe, zikaenda kilomita zaidi ya 500 kutafuta bandari nyingine.

Mwanachama aweza kusema kwamba hilo ni shauri la mnunuzi, kwani yeye ndiye alipaye lori. Hapo twaomba asome polepole. Tangu mwaka 2007 korosho zetu huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka chama cha msingi, karani hupima, mzigo huenda ghala kuu, na wanunuzi huandika bei zao kwa mnada. Mfumo huo ulikuja kuwazuia wale wa kangomba, waliokuwa wakinunua kwa kopo na bakuli wakati mkulima ana njaa. Lakini mnunuzi anapoiandika bei yake, kwanza huitoa gharama ya lori, ya kontena na ya siku za kungoja. Kinachobaki ndicho akiandikacho. Basi kilomita zile mkulima huzilipa ingawa hakupanda lori, tena huzilipa pasipo kupewa risiti.

Katikati ya miaka hiyo mji uliingiwa na tamaa mpya, yaani gesi. Ilikuwa imegunduliwa Mnazi Bay tangu mwaka 1982, lakini mambo yalipata kasi iliposemwa kwamba bomba litajengwa mpaka Dar es Salaam. Mwaka 2013, mwezi wa Januari na tena mwezi wa Mei, watu wa Mtwara walifanya ghasia kupinga gesi kuchukuliwa, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Bomba lilikamilika mwaka 2015, na mwaka huohuo kiwanda kikubwa cha saruji kilianza kazi Msijute. Kodi za nyumba zilikuwa zimepanda kwa kuwatazamia wageni, wengine wakajenga hoteli kwa mikopo. Wageni walipungua, na baadhi ya nyumba hizo zikakaa tupu. Hatupendi kuwalaumu waliojenga. Mji uliojengwa kwa ajili ya karanga wasingeweza kuuzuia usijengwe tena kidogo kwa ajili ya gesi.

Hesabu ya mwaka 2012 iliupa mji watu 108,299, na ile ya 2022 watu 146,772, katika eneo la kilomita za mraba 163. Katika mwaka huo wa 2022 mkoa mzima ulikuwa na watu 1,634,947. Mwenye kugawa ataona kwamba kati ya watu kumi na mmoja wa mkoa, mmoja tu ndiye akaaye katika manispaa. Kumi wako Masasi, Newala, Tandahimba, Nanyumbu na vijiji vya Mtwara vijijini, na wengi wa hao wana mikorosho. Zao lao nalo limefufuka, kwa salfa ya kuzuia ubwiri unga na kwa miche bora ya kituo cha utafiti cha Naliendele, kilichomo ndani ya mipaka ya manispaa. Msimu wa 2017/18 nchi ilipata tani 313,000, zaidi ya mara mbili ya kile kilele cha zamani. Msimu uliofuata bei za mnada zilikataliwa, na Serikali ikanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakabeba. Mambo ya msimu ule yameelezwa na Mhasibu wetu katika kurasa zake, naye ameyaeleza kwa uvumilivu kuliko ambavyo sisi tungeweza.

Bandari nayo ikakumbukwa. Mwaka 2017 ilianza kazi ya kuongeza gati jipya lenye urefu wa mita 300, kando ya lile la zamani la karanga. Mwaka 2022 makaa ya mawe ya Ruvuma yalianza kupakiwa kwa wingi, na mwaka 2023 Serikali iliagiza kwamba korosho za kusini zisafirishwe kwa bandari ya Mtwara. Vyama viliufurahia uamuzi huo, nasi tuliufurahia. Hata hivyo ni wajibu wa Katibu kusema na upande wa pili. Korosho ni mzigo wa miezi michache, tangu Oktoba hata Januari au Februari. Meli ya makontena ikija kuchukua korosho huja nyingi zikiwa tupu, kwa kuwa bidhaa zinazoshukia Mtwara ni chache, na mwenye meli hutaka alipwe safari ya kuja kama ya kurudi. Wanunuzi hulalamika juu ya jambo hilo, wala hawasemi uongo. Agizo laweza kuipeleka korosho gatini. Haliwezi peke yake kuileta meli iliyojaa. Salfa, mbolea, mabati na saruji ya nje, magunia yetu ya katani, vyote hivyo vikishuka Mtwara, bei ya kontena itashuka navyo, na ile gharama isiyo na risiti itapungua katika bei ya mnada. Halmashauri yetu imekwisha kuandika barua juu ya salfa na magunia. Majibu yatasomwa katika Mkutano Mkuu.

Siku ya sherehe, wajumbe watakaotoka bara watafikia katika kata ya Reli, katika shule tuliyopewa madarasa yake kwa usiku mmoja. Asubuhi, saa mbili, tutakwenda bandarini kwa miguu, mwendo si mrefu, na mkuu wa bandari amekubali tulitazame gati la zamani na gati jipya. Mwaka jana tulimpeleka hapo mzee mmoja wa chama cha msingi cha ukingo wa Ruvuma, mwenye mikorosho aliyoipanda baba yake mwaka 1953. Alisimama muda mrefu akiyatazama maji, kisha akatuuliza, "Wanangu, chini hapo ni pima ngapi?" Tulimwambia kwamba kando ya gati la zamani ni mita tisa na zaidi. Akahesabu kwa vidole, akasema ni kama visima viwili vya kwao, kimoja juu ya kingine, na kwamba angependa mkewe aje ayaone maji mengi hivyo yasiyohitaji kuchotwa. Tumeliandika jina la mkewe katika orodha ya basi la pili.